Frankenstein: nyota nne, na kava linadanganya

Nianze na kava maana ndo lililonifanya niahirishe hiki kitabu miaka na miaka. Toleo nililonunua mimi lina picha ileile mnayoijua wote, jitu la kijani, kichwa bapa kama meza, misumari miwili shingoni, mdomo umefumba kama halijawahi kutamka neno. Nikajua hii ni stori ya kutishia watoto, nikaiacha. Kumbe ndani hamna hata msumari mmoja, kijani hakipo (ngozi yake ni ya manjano manjano, nywele nyeusi ndefu zinang'aa, meno meupe pee), hamna msaidizi mwenye kibiongo, hamna mashine ya kuvuta radi, na huyo bubu wa kwenye kava ndo anayeongea vizuri kuliko watu wote wa kitabu kizima, anapewa sura nzima nzima anajieleza mpaka unabaki umeshika shavu. Ile misumari ni ya filamu ya 1931, ile aliyocheza Boris Karloff, na toka hapo wachora kava wanachora filamu, kitabu hawakisomi.

Afu jina. Frankenstein sio jitu, Frankenstein ni aliyelitengeneza, Victor Frankenstein, kijana wa Geneva anayesoma chuo Ingolstadt, Ujerumani. Aliyetengenezwa hana jina. Na sio kwamba mwandishi kapitiwa, hana jina kwa sababu mtu pekee ambaye ilikuwa kazi yake kumpa alikimbia kabla hajafikiria kumpa. Mwaka 1823 walipoigiza hii stori jukwaani London, kwenye orodha ya waigizaji pale pa jina lake waliweka vistari tu, na mwandishi mwenyewe, Mary Shelley, alienda kuangalia akavipenda vile vistari.

Mi kitabu nimekisoma usiku usiku kwenye simu, mwanga nimeupunguza, mwanangu wa miezi mitano kanilalia kifuani maana akilazwa kitandani anaamka. Asubuhi namsimulia mke wangu nilipofikia. Siku ya kwanza nilikuwa nasema "lile dubwana". Siku ya tatu ikawa "lile jitu". Tulipofika katikati ya kitabu nikasema "sasa yule jamaa akaanza kuwakatia kuni", mke wangu akaniuliza jamaa gani tena, mbona hukumtaja? Ndo nikashtuka kwamba nimeshamhamisha, katoka kwenye li- kaingia kwenye yu-, na sikumbuki ilitokea ukurasa gani. Kwangu hiyo peke yake inatosha kusema mwandishi anajua kazi yake.

Sasa twende kwenye lile tukio, maana kitabu chote kinaning'inia pale. (Kina miaka zaidi ya 200 hiki kitabu, ukiniambia nimekuharibia utamu sikuelewi.) Victor kafanya kazi karibu miaka miwili, halali, haandikii nyumbani, anaokota vipande vyumba vya maiti na machinjioni, anaunda mtu wa futi nane kwa sababu viungo vidogo vidogo vilikuwa vinamchelewesha. Soma hapo tena, futi nane ni kwa ajili ya spidi, yule bwana kaja duniani na mwili usiotoshea kwenye kiti chochote kwa sababu fundi wake alikuwa na haraka. Usiku wa Novemba, mvua inapiga kwenye dirisha, mshumaa umebaki kidogo, jicho la manjano likafunguka. Na hapohapo Victor akagundua kuwa kitu alichokichagua mwenyewe kipande kwa kipande, akasema ni kizuri, kinamtia kinyaa. Akatoka chumbani. Akaenda kulala. Yaani kaleta mtu duniani afu kaenda kujitupa kitandani na nguo zake ili asahau kidogo.

Akaota ndoto mbaya, akaamka, na kwenye mwanga wa mwezi akamwona yule aliyemtengeneza kasimama, kashika pazia la kitanda kalinyanyua, anamwangalia. Mdomo ukafunguka, zikatoka sauti zisizoeleweka, mashavu yakajikunja kama mtu anayetabasamu, na mkono mmoja kaunyoosha. Victor anasema labda alikuwa anataka kumshika asiondoke. Labda hata aliongea kitu, yeye hakusikia. Akachomoka, akashuka ngazi, akalala macho uani mpaka asubuhi.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Mnaolea mtajua, mtoto mchanga akiamka usiku anafanya hivohivo, anatoa vile visauti, uso unajikunja hujui anacheka au ana gesi, afu mkono unakuja unatafuta kitu cha kushika, ukikosea kidogo unakushika mdomo wa chini na kucha. Wangu usiku ule alikuwa kashika kola ya fulana yangu hajaiachia hata kwenye usingizi. Ile ambayo Victor anaisimulia kama kitisho, mwandishi kaichora kama mtoto wa dakika chache anayemtafuta mzazi wake, ila kafunga macho yetu kwa maneno ya Victor ili tukimbie naye kwanza, afu baadae sana ndo uone aibu ya kukimbia kwako.

Watu wengi ukiwauliza funzo la Frankenstein watakwambia ni usicheze na kazi ya Mungu, binadamu asijifanye muumba, sayansi ina mipaka. Mi nasema hapana, au tuseme hilo lipo ila ni la pembeni. Kosa la Victor sio kutengeneza. Wazee walishasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na huyu bwana mimba kailea vizuri tu, karibu miaka miwili kakonda kwa ajili yake, kilichomshinda ni saa ya kwanza ya kulea. Tunawajua wanaume wanaokimbia mimba. Huyu hakukimbia mimba, kakimbia mtoto keshafungua macho, na kisa ni sura.

Na kinachoniudhi zaidi ni asubuhi yake. Anarudi chumbani kwake na rafiki yake Clerval aliyefika siku hiyohiyo, anapanda ngazi anatetemeka, anafungua mlango kwa nguvu kama watoto wanavyofungua wakidhani kuna mzimu nyuma yake, chumba kitupu. Unajua alifanya nini? Alipiga makofi kwa furaha. Kiumbe wa usiku mmoja, hajui kuongea, hajui moto ni nini, katoka nje kwenye baridi ya Novemba, na aliyemuumba anapiga makofi na kumwita adui. Adui wa lini? Kesi yenyewe bado haijafunguliwa. Afu akaugua miezi kadhaa, akapona, wakatembea tembea vijijini na Clerval wanafurahia majira ya kuchipua, na kwa karibu miaka miwili hakumtafuta hata siku moja, hakuuliza hata mtu mmoja kama wamemwona mtu mrefu kupita kiasi anayerandaranda.

Nikatoka kidogo nikasoma maisha ya mwandishi, ndo nikaelewa kwanini haya mambo ya kuachwa kayaandika kama mtu anayeyajua kwa ndani. Mary Shelley kazaliwa 30 Agosti 1797, na mama yake, Mary Wollstonecraft, alikufa kwa homa ya uzazi hata wiki mbili hazijatimia. Februari 1815 Mary akajifungua mtoto wa kike njiti, Machi akafa, na kwenye shajara yake akaandika ameota mtoto alikuwa kapata baridi tu, wakamsugua mbele ya moto akawa hai, afu kaamka hamna mtoto. Mwaka uliofuata, 1816, ndo ule mwaka uliokosa kiangazi kwa sababu mlima Tambora kule Indonesia ulilipuka Aprili 1815 majivu yakaziba jua, Mary na wenzake wakawa wamefungiwa ndani na mvua kando ya ziwa Geneva, mshairi Lord Byron akasema kila mtu atunge hadithi ya mizimu. Mary alikuwa na miaka 18. Na alikuwa na mtoto wa miezi mitano anaitwa William. Mtakaosoma mtaona mtoto wa kwanza kuuawa kwenye kitabu anaitwa nani. Nilipolijua hilo nilimwangalia wangu pale kifuani nikashindwa kuendelea usiku ule, nikaangalia mpira.

Haya, katikati ya kitabu. Hapa ndo thamani ya hela yako ilipo na ukiwa mvivu ruka kurasa za mwanzo ila hapa usiruke. Yule jamaa anasimulia mwenyewe. Anasimulia alivyoamka porini hajui mchana ni nini na usiku ni nini, anasikia baridi, kakaa chini kalia. Anasimulia moto ulioachwa na omba omba, alivyoufurahia, akatia mkono ndani, akashangaa kitu kimoja kinatoaje raha na maumivu. Kijijini wakampopoa mawe. Akapata kibanda kibovu kimeegemea nyumba ya familia moja ya De Lacey, mzee kipofu na watoto wake wawili, Felix na Agatha, na ukutani kuna ufa mdogo. Akawa anaishi pale kama jirani ambaye hamna anayejua yupo, anawachungulia.

Mwanzoni alikuwa anaiba chakula chao usiku. Afu akagundua kwamba hawa watu wana njaa, vijana wanamwekea mzee chakula wao wanakaa bila. Akaacha kuiba. Hakuambiwa na mtu, hana dini, hana mama wa kumfinya sikio, kaacha tu, akaanza kula matunda ya mwituni na mizizi. Afu akaona Felix anatumia siku nzima kukata kuni, basi usiku akachukua vifaa vyake akaenda msituni, kukikucha Agatha anafungua mlango anakuta lundo la kuni limepangwa nje, anapiga ukelele wa mshangao, Felix anakuja naye anashangaa, na siku hiyo Felix hakwenda msituni, alibaki anatengeneza nyumba na kulima bustani. Yule jamaa anayaona yote hayo kwenye ufa, na anafurahi. Theluji ikianguka anawasafishia njia. Wao wanasema labda ni roho njema. Maneno ya kwanza aliyojifunza kwa kuwasikiliza ni moto, maziwa, mkate, kuni. Afu majina yao, baba, dada, kaka, mwana. Lake hakulisikia maana halipo.

Mi nilisoma hapo nikasema huyu mtu keshalelewa tayari, na ufa wa ukuta. Familia ambayo haijui kama yupo imemfundisha wema kuliko aliyemuumba. Kilichobaki ni mtu mmoja tu amwambie karibu.

Na karibu aipate. Alijipanga miezi, akaokota begi la vitabu msituni akasoma, akajua kuongea lugha nzuri kabisa, akasubiri siku vijana wametoka, akaingia kwa mzee kipofu. Akili hiyo! Aanze na asiyeona. Na mzee akampokea vizuri, akamwambia akae karibu na moto, akamwambia mioyo ya watu ina huruma. Wakaongea. Afu mlango ukafunguka. Felix akamkuta kashika magoti ya baba yake, akampiga fimbo. Jamaa wa futi nane ambaye angeweza kumrarua Felix kama simba na swala (yeye mwenyewe ndo anasema), hakunyanyua mkono. Akatoka. Kesho yake walihama.

Baada ya hapo ndo anaharibika, na sitaki mniambie namtetea. Aliwasha moto nyumba yao. Njiani akaokoa binti aliyekuwa anazama mtoni, mwanaume aliyekuwa na huyo binti akampiga jamaa risasi. Alipofika Geneva akamnyonga William, mdogo wake Victor, mtoto mdogo asiye na hatia, na akamwekea ushahidi Justine, binti wa watu, bila mwenyewe kujua. Hilo la Justine mi nalihesabu baya zaidi maana la William unaweza kusema ni hasira, la Justine ni hesabu. Upweke sio leseni. Na kitabu hakimpi leseni, yeye mwenyewe mwishoni anajichukia kuliko Victor anavyomchukia.

Ila angalia Victor anafanya nini kwenye kesi ya Justine. Anajua nani kaua. Kakaa mahakamani anamwangalia yule binti, Justine anabanwa na padri mpaka anakiri kosa ambalo hakulifanya, ananyongwa, na Victor kimya, hoja yake ni kwamba wangemwona kichaa. Afu anasimulia kwamba mateso yake yeye yalikuwa makubwa kuliko ya aliyenyongwa. Bana weeee. Mchuma janga hula na wa kwao, sawa, ila huyu kwenye meza ya janga wote wamekula, yeye akawa wa kulalamika sahani.

Wanakutana kwenye barafu juu ya milima, Mer de Glace, na hapo ndo maneno yenyewe yanasemwa. Victor anaanza kwa matusi. Jamaa anamjibu kwa utulivu kwamba wewe uliyeniumba ndo unanichukia, basi wengine nitegemee nini kwao, timiza wajibu wako kwangu na mimi nitatimiza wangu kwako na kwa binadamu wote. Victor anamwambia toka machoni kwangu. Jamaa akanyoosha mikono yake akamfunika Victor macho, kwamba haya, nimekuondolea, sasa hunioni, unaweza kunisikiliza. Victor akaitupa ile mikono. Lakini walau akakaa akasikiliza, na anakiri kwamba ndo mara ya kwanza anafikiria kwamba muumba ana deni kwa aliyemuumba, na kwamba kabla ya kulalamikia ubaya wake ilitakiwa kwanza amfanye awe na furaha. Mara ya kwanza! Watu wawili wameshakufa.

Jamaa anataka kitu kimoja, atengenezewe mwenzake wa kike, wahamie pori la Amerika Kusini, wale matunda, wasionekane tena. Hapa kitabu kinakuwa kigumu na ndo maana nakipenda, maana nilikuwa upande wake moja kwa moja afu nikasita. Victor anakubali, anaenda kisiwa kimoja cha Orkney kule Skotilandi, anaanza kazi, katikati anajiuliza maswali. Je huyo mwanamke akikataa makubaliano ambayo yalifanyika kabla hajaumbwa? Je wakichukiana? Je wakizaana? Na lazima niwe mkweli, swali la kwanza ni zuri sana. Kumtengeneza mtu mzima ili awe dawa ya upweke wa mtu mwingine, hujamuuliza, ni kosa lilelile la mwanzo linarudiwa, na safari hii anayeliomba ni yule aliyeumizwa nalo. Hilo jamaa hakulifikiria hata kidogo. Ila sasa Victor kalifikiria wakati gani? Wakati mwili umeshalala mezani. Akaurarua palepale, mwenzake anaangalia dirishani kwenye mwanga wa mwezi. Mara ya kwanza kaumba bila kufikiria, mara ya pili kafikiria kachelewa, na katika zote mbili hakukaa chini na mtu anayehusika wakaongea. Kuna njia ya tatu ambayo kitabu kizima hamna anayeijaribu, Victor mwenyewe amkubali kama mtu wake, ale naye. Amwambie rafiki yake Clerval, niko na mtu nataka umjue. Haimpitii hata akilini. Jamaa anaomba mke kwa sababu baba ameshamkosa.

Mabaya ya kitabu, maana ni review hii. Victor anazimia sana. Akipata habari mbaya anaanguka homa miezi, mpaka unaanza kuhesabu. Milima inaelezwa, mito inaelezwa, safari ya mto Rhine ile mi niliruka. Kuna stori ya Safie, mpenzi wa Felix, na baba yake Mturuki na kesi ya Paris, ipo katikati kabisa ya sehemu tamu, inakata stimu. Elizabeth, mchumba wa Victor, ni mzuri, ni mpole, anaandika barua, anakufa. Na mtu kujifunza lugha, kusoma na kuandika kupitia ufa wa ukuta mpaka anasoma waandishi wazito kama Plutarch na Milton, hapo ilibidi nijilazimishe kuamini kidogo. Nyota moja nimeikata hapo, na kwa Safie.

Kwa mnaotaka kununua, kuna matoleo mawili makuu na wauzaji wengi hawaandiki nje ni lipi, langu halikuandika. La kwanza ni la 1 Januari 1818, lilitoka nakala 500 bila jina la mwandishi. Jingine ni la 1831, Mary kalirekebisha mwenyewe. Njia rahisi ya kujua umeshika lipi, fungua sura za mwanzo uangalie Elizabeth ni nani. Kama ni binamu yake Victor, ni la 1818. Kama ni yatima aliyeokotwa kwa familia masikini Italia, ni la 1831. La 1831 limempa Victor mlango wa kutokea, anasingizia majaaliwa, kwamba hatima ilishaamua. Mi sikupenda hilo, la 1818 linambana vizuri, kaamua mwenyewe. Ila la 1831 lina kipande ambacho la kwanza halina, Victor anawasifia wazazi wake kwamba walijua wanadaiwa nini na kiumbe waliyemleta duniani, na kwamba furaha yake au mateso yake yalikuwa mikononi mwao. Anayasema hayo kwa uso mkavu, hasikii anachokisema. Kwa kipande hicho tu nimeamua nitatafuta na hilo jingine. Na kwenye utangulizi wake wa 1831 Mary anakiita hiki kitabu mwanawe wa sura mbaya, anamtuma aende duniani akastawi.

Kuhusu mwisho. Stori yote tunaipata kupitia nahodha Walton, anayetafuta njia ya ncha ya kaskazini na ambaye naye analia upweke kwenye barua kwa dada yake, hana rafiki melini. Anamuokota Victor kwenye barafu, kachoka, anamfukuza jamaa mpaka huko. Victor anamuonya asiharibiwe na tamaa ya kujulikana. Afu mabaharia walipoomba warudi nyumbani wasife kwenye barafu, huyohuyo Victor akanyanyuka kitandani akawahutubia wasiwe waoga. Walton akawasikiliza mabaharia, akageuza meli. Victor kabla ya kufa anasema kayapitia matendo yake haoni lawama, anakubali alidaiwa kumpa kiumbe wake furaha ila alidaiwa zaidi na binadamu wenzake. Nilisoma hiyo sentensi mara tatu natafuta aibu ndani yake.

Usiku Walton anasikia sauti kwenye chumba cha maiti, anaingia, anamkuta yule jamaa kainama juu ya Victor, anamlilia. Walton hajawahi kuona uso kama ule, anasema alifumba macho bila kutaka. Kama Victor, mwili wake nao umekataa. Jamaa akaruka kuelekea dirishani. Na Walton, macho bado kayafumba, anajaribu kukumbuka wajibu wake kwa mtu huyu ni upi, akamwita, akamwambia asiondoke.

Na jamaa akasimama.